Cheti cha Msitu wa Mwenzangu

Nilikuwa na rafiki niliyempenda sana wakati alipokuwa chini yangu. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kweli, ingawa ilinichukua miaka mingi kuikubali.

Tulikutana chuo cha misitu, huko Arusha, tukalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Yeye ni Msambaa, ametoka milima ya Tanga ambako ukungu huingia ndani ya nyumba asubuhi na miti ni mibichi mwaka mzima. Mimi ni Mgogo, nimezaliwa upande wa Bahi, na kwetu kiangazi kikishika miti husimama miezi mingi bila jani hata moja. Kwa hiyo kwenye mtihani wa kutambua miti kwa gome mimi nilikuwa wa kwanza, na yeye aliponea chupuchupu. Jioni nilikuwa nampeleka nyuma ya bweni na kumfundisha: hili gome la mninga, lishike, hili la mpingo, angalia linavyochanika. Alikuwa akiniita "mwalimu." Nililipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na wazazi wangu.

Tulipomaliza tulipangiwa Dodoma sote wawili, mabwana miti wasaidizi wa wilaya. Tukapanga nyumba moja mtaa wa Kikuyu, yeye na mkewe chumba cha upande huu, mimi na mke wangu upande wa pili, ua mmoja. Wake zetu walipika jiko moja. Ofisini tuligawana pikipiki moja, na mara nyingi niliendesha mimi, yeye akikaa nyuma na kubeba mafaili.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na viberiti tu sasa yalijaa sabuni za kunukia, redio na vitenge, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Serikali nayo ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Asubuhi moja orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, tukaisoma tumesimama bega kwa bega. Jina lake lilikuwemo. Langu halikuwemo.

"Pole sana, ndugu yangu," nilimwambia, na nilimaanisha. Lakini chini ya pole ile kulikuwa na kitu kingine, kidogo na kitamu. Moyoni nilikuwa nasema: wamembakiza anayeijua miti.

Hakurudi Tanga. Alimchukua mkewe na masanduku mawili wakaenda kijiji kimoja mbali, kupita Bahi, ambako wenyeji walikuwa wamempa shamba la uwele siku za kazi yake. Watu ofisini walicheka: Msambaa na uwele! Kila alipokuja mjini alifikia kwangu. Safari moja nilimpa viatu vyangu vya zamani vya porini, soli ingali nzima. Alivivaa palepale, akashukuru, akaondoka. Nilimtazama mpaka alipokata kona, nikajiona mtu mwema kweli.

Sasa nieleze habari ya nyundo, maana bila hiyo hamtaelewa kilichonipata. Bwana miti wa wilaya, cheo nilichopandishwa baadaye, alikuwa na nyundo ya chuma yenye herufi na namba kwenye uso wake. Mti ukikatwa kwa kibali, anakwenda mwenyewe porini, anagonga alama kwenye gogo na kwenye kisiki. Gogo lisilo na alama ni la wizi. Kila nyundo ina namba yake, na yangu niliijua kama ninavyoijua tarehe ya ndoa yangu.

Katika miaka ile alikuja mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye lori, akitafuta mpingo wa kuwauzia wachonga vinyago. Alikuwa na kibali cha miti michache. Siku ya kwenda kuigongea ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwa na harusi ya binamu. Akaniambia, "Mzee, wewe nenda harusini. Nipe nyundo, vijana wangu watagonga, Jumatatu asubuhi nakurudishia." Nilimpa. Jumatatu aliirudisha, na mwezi uleule akaniletea mabati ya kumalizia nyumba niliyokuwa najenga. Alisema wamekata huko Manyoni, nami sikuuliza zaidi. Mabati yalikuwa mazuri, yaling'aa mpaka mke wangu akawaita majirani wayaone.

Baadaye serikali ilianza kuvikabidhi baadhi ya vijiji misitu yao vivitunze vyenyewe. Kijiji cha mwenzangu kikawa kimojawapo, na yeye ndiye aliyewaongoza. Alipima mipaka nao kwa miguu, akawafundisha kuhesabu miti, akaunda kamati ya walinzi wa msitu, wanaume na wanawake. Kila mti wa mpingo unaofikia unene fulani ulipewa namba na kuandikwa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Miti ya kukatwa kwa mwaka ilikuwa michache, iliyochaguliwa kwa mkutano, na panapokatwa mmoja machipukizi yanazungushiwa miiba mbuzi wasile.

Mwanzoni nilizipokea habari hizi kama mtu anayesikia mtoto wake amejenga nyumba ya udongo. Nilicheka. Kisha akaanza kuja mjini mara chache. Alipokuja hakuniuliza tena kitu, alikuja kunihadithia. Alikuwa na viatu vipya, alivyopewa na mradi uliokisaidia kijiji, vizuri kuliko vyangu. Kigogo chake kilikuwa kimekolea. Na mke wangu, akimwandalia chai, alisema mbele yangu, "Shemeji, siku hizi umenawiri! Kijiji kimekupenda."

Chai ile sikuinywa.

Jambo lililonimaliza lilikuwa lile la cheti. Mnunuzi mmoja wa Ulaya, anayetengeneza zumari za kizungu, alitaka mpingo wa kijiji kile, lakini kwa sharti moja: msitu ukaguliwe na watu wasio wa kijiji wala wa serikali, na wakiridhika kwamba miti inakatwa kwa kiasi na watu wa pale wananufaika, watoe cheti. Mpingo wenye cheti ungepokelewa kwa heshima huko, na usio nacho ungekataliwa. Kwetu jambo hilo lilikuwa geni kabisa. Gazeti likaandika habari ndogo, na pembeni ikatoka picha ya mwenzangu ameshika gome la mti kwa kiganja.

Mke wangu alilileta gazeti sebuleni. "Mwone shemeji! Anavyoushika huo mti, kama daktari."

Nilimfundisha mimi kushika gome hivyo. Nililikunja gazeti nikalitumia kuwashia jiko, nikamwambia mke wangu kuni zilikuwa mbichi.

Siku ya ukaguzi bosi wangu alinituma niwakilishe wilaya. Wakaguzi walikuwa wawili: mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia ya majani, na kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa mkalimani wake. Tulifika kijijini asubuhi, watu wamejaa chini ya kibanda cha ofisi ya kijiji. Mwenzangu alinikumbatia kwa furaha ya kweli. "Mwalimu wangu huyu," akawaambia wakaguzi. "Miti yote ninayoijua, amenijulisha yeye."

Ningeweza kufurahi. Badala yake nilisikia kama ananitupia kitu kilichobaki sahanini.

Kisha nikasikia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linaniuma. Mama mmoja wa kamati, amejifunga kaniki, alimpelekea mwenzangu maji kwenye kibuyu akisema naye Kigogo, akimtania kuhusu miguu yake, na Msambaa akamjibu Kigogo, watu wakaangua kicheko. Halafu yule mama akanigeukia mimi, akapiga goti kidogo, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, kile cha kuzungumza na wageni: "Karibu, bwana. Pole na safari. Huku kwetu joto, utazoea."

Mimi! Niliyezaliwa mwendo wa siku moja kutoka pale. Ningeweza kumjibu kwa lugha yetu akashangaa na kucheka, na mambo yakaisha. Nilimjibu kwa Kiswahili, "Asante, mama," nikanywa maji.

Wakaguzi walitembea msituni mpaka jua likawa utosini. Mama wa Kizungu alichagua namba kwenye daftari bila mpango, akasema nioneshe mti huu, na walinzi wakampeleka moja kwa moja. Alipima unene, ukalingana. Alichagua kisiki, akaoneshwa kisiki na machipukizi yake ndani ya miiba. Kila mara aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kila mara kitu kiligongwa ndani ya kifua changu. Nilikuwa naomba akosee mmoja. Mmoja tu.

Nikakumbuka. Mchunga ng'ombe mmoja alikuwa amenieleza, zamani kidogo, kwamba kwenye korongo la mashariki mwa kijiji kile kuna visiki vingi vya mpingo, vimekatwa ovyo. Sikufuatilia wakati ule. Sasa nilikuwa na hakika: ni wanakijiji, wanakata kwa siri upande ambao hawampeleki mgeni, na mwenzangu anawafichia.

Tulipokaa kula ugali na mlenda, nilimsogelea yule mkalimani. "Mwambie mama," nilimwambia kwa sauti ya chini lakini si chini sana, "korongo la mashariki hajaliona."

Mkalimani akatafsiri. Mama akauliza, "Kuna nini huko?"

"Wilaya imesikia habari za visiki," nilisema. "Ni wajibu wangu kutaja."

Mwenzangu aliweka tonge chini. Alinitazama, nami nilitegemea kuona hofu, au hasira. Haikuwa hofu wala hasira. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu anayekaribia kukanyaga mwiba pekupeku na uko mbali huwezi kumshika.

"Ni mbali kidogo," alisema. "Lakini twende."

Tulitembea karibu saa nzima. Mimi nilikuwa mbele. Sikuchoka hata kidogo. Miguu ilikuwa myepesi kama ya kijana. Tulipoteremka korongoni nilivihesabu kwa macho: kisiki, kisiki, kingine, vimetapakaa, vimekatwa juu sana, kwa haraka, kazi ya watu wasiojali. Vilikuwa vingi kuliko nilivyosikia. Nikasema, "Haya, mama, ndivyo hivi."

Mama wa Kizungu alichuchumaa kwenye kisiki cha kwanza. Mpingo hauozi upesi. Kiini chake kilikuwa cheusi na kigumu kama siku kilipokatwa. Alipangusa vumbi kwa kiganja, akainamisha kichwa, akapangusa tena. "Hapa kuna alama," akasema. Mkalimani akasogea na kuisoma kwa sauti, herufi kwanza, halafu namba.

Ilikuwa namba yangu.

Nilisimama pale na jua lote la Ugogo likanishukia kichwani. Manyoni, aliniambia yule mwenye lori. Wamekata Manyoni. Kumbe vijana wake walikuja hapa, na nyundo ya serikali mkononi, mimi nikiwa harusini nacheza.

"Alama hii ni ya nani?" mama aliuliza.

Mwenzangu alijibu kabla sijafungua mdomo. "Ni ya serikali. Visiki hivi ni vya kabla kijiji hakijakabidhiwa msitu. Vimo kwenye daftari, kurasa za mwisho."

Mlinzi aliyebeba daftari akalifungua. Vilikuwemo, vyote, kwa mwandiko wa mwenzangu: "visiki vya zamani," mahali kilipo kila kimoja, unene wake, na pembeni ya kila kimoja namba ya nyundo. Namba yangu, mstari baada ya mstari, ukurasa mzima na nusu ya wa pili. Alikuwa ameijua miaka yote hiyo. Alikuwa anakuja kwangu, anakunywa chai chini ya mabati yale, na anajua.

Mama akanigeukia. "Wilaya ina rekodi ya kibali cha miti hii?"

"Kilikuwepo kibali cha michache," nilisema.

"Na nyundo hii anaishika nani?"

Mkalimani alitafsiri polepole, kama vile hakutaka kufika mwisho wa swali. Walinzi wa msitu walinitazama. Yule mama wa kaniki alinitazama. Mwenzangu peke yake ndiye aliyeangalia pembeni, kwenye miti.

"Mimi," nilisema.

Akaandika. Tulirudi kijijini kwa mstari mmoja, na safari hii nilikuwa nyuma kabisa. Katikati ya njia mwenzangu alipunguza mwendo mpaka tukawa pamoja.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua siku tulipohesabu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Malalamiko ya visiki yanakwenda kwa bwana miti wa wilaya." Akainua tawi la mwiba lililofunga njia. "Nilidhani iko siku ungeniambia mwenyewe. Nilikuwa nakuja kwako nikingoja."

"Kwa hiyo umeniandika daftarini ukangoja."

"Niliandika visiki, ndugu yangu. Nisingeviandika, leo wangesema vimekatwa na hawa akina mama."

Alikuwa na haki kwa kila neno, na hicho ndicho nilichoshindwa kumsamehe. Mabaya yake ningeyavumilia. Wema wake ulinikaa kooni wiki nzima. Nilikuwa nimeona wivu kwa viatu vyake, kwa Kigogo chake, kwa picha yake gazetini. Sasa nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyoninyamazia.

Taarifa ya wakaguzi ilisema kijiji kimefanya kazi yake vizuri, na kwamba visiki vya korongo vinaonesha udhaifu wa usimamizi upande wa wilaya. Bosi aliniita, akaifunga nyundo kwenye kabati lake, akanihamishia kwenye bustani ya miche. Sikufukuzwa, ingawa nilistahili. Kijiji kilipata cheti baada ya miezi kadhaa na masharti machache. Siku ya sherehe nilisema nina malaria. Mke wangu alikwenda, akarudi jioni amechangamka, na chupa ya asali, na hadithi za ngoma na za ng'ombe aliyechinjwa.

"Waliuliza habari zangu?" nilimwuliza kutoka kitandani.

"Nani?"

"Watu wa kule."

Akafikiri. "Shemeji aliuliza. Amesema upone upesi." Kisha akanitazama vizuri, akaweka chupa mezani. "Na mimi nauliza: utaumwa hivi mpaka lini?"

Niliumwa hivyo miaka mitatu. Nilimwagilia miche, nikapanga viriba vya kuoteshea, na kila lori la mpingo lenye alama ya cheti lilipopita barabara kuu nililifahamu kwa mbali, nikageukia upande wa pili.

Halafu nikasikia cheti kimekwisha muda wake. Kukipata upya kulihitaji ukaguzi mwingine, mradi uliokuwa ukiwasaidia ulikuwa umeondoka, na mnunuzi alikuwa anasitasita. Nitasema nilichohisi, kwa kuwa nimeanza kwa kusema kweli: nilifurahi. Nilifurahi kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana, nikiwa nimeinamia miche ya mpingo, midogo isiyofika hata goti, ambayo nilikuwa nimeiotesha mwenyewe miaka miwili kabla. Mchana furaha ilikauka ghafla, nikabaki na mikono yenye udongo, nikaona aibu peke yangu pale bustanini bila mtu kunitazama.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la kwenda Bahi, na kutoka hapo nikatembea. Nilimkuta mwenzangu anapukuchua uwele na mkewe. Amezeeka kidogo, mvi zimemwingia pembeni mwa masikio. Sikukaa kwanza. Nilisema nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaongelea mvua.

"Siku ile ya korongo sikuwa natimiza wajibu. Nilikuonea wivu. Nilitaka ukose cheti."

Alipukuchua suke alilokuwa nalo mpaka likaisha. "Ilijulikana," alisema. "Hata mkalimani alijua." Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na mimi nikuambie langu. Siku ya ile orodha ubaoni, uliponipa pole, nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia. Sikulilia kazi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeomba, nikisoma majina, kwamba lako liwemo na langu lisiwemo. Neno kwa neno hivyo. Ukanipa na viatu. Ungejua nilivyovichukia viatu vile."

Mkewe alisema, "Wanaume nyie," akaniletea kigoda.

Nilikaa. Tuliongea mpaka uwele ukaisha. Aliniambia kinachowakwamisha ni kupima: walinzi waliofundishwa mwanzo wengine wamehama, na mpaka wa kaskazini haujapimwa upya, na bila vipimo vipya hakuna mkaguzi atakayekuja. Nikasema nina likizo ambayo sijaichukua.

Nilirudi wiki iliyofuata na kamba ya kupimia. Siwezi kusema wivu uliniisha. Siku ya kwanza tu, kijana mmoja wa kamati aliniuliza jina la mti, na kabla sijajibu akamgeukia mwenzangu ili athibitishe, na kile kitu kikanichoma palepale kama zamani. Nilikiacha kinichome. Nikatamka jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kigogo, nikashika ncha ya kamba, na mwenzangu akaanza kutembea na ncha ya pili kuelekea jiwe la mpaka, akihesabu hatua kwa sauti.